Ukuta wa kukwea kwa mtoto mdogo ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mzazi anayetaka kumjengea mtoto wa miaka 3 hadi 7 ukuta wa kukwea chumbani au sebuleni, hapa Nairobi, kwa vifaa vinavyopatikana mjini. Vipimo ni vya shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukitaka shiti mbili, zidisha mara mbili. Rangi na michoro ndivyo mtoto atakavyovipenda, lakini tumeviweka karibu na mwisho kwa makusudi: kinachomlinda kiko nyuma ya ubao na chini ya miguu yake.

Ukuta gani wa nyumba unafaa kubeba?

Kuta za nyumba nyingi Nairobi ni za mawe ya mashine, na zikiwa imara zinafaa. Nguzo za zege ndizo bora zaidi. Kwenye maghorofa mapya kuta za kugawa vyumba mara nyingi ni za matofali ya saruji yenye uwazi ndani, na ofisi zilizogeuzwa makazi huwa na kuta za jipsamu. Jipsamu peke yake haibebi mtoto anayening'inia.

Usitegemee kugonga kwa kidole tu. Toboa tundu dogo la milimita 6 mahali ambapo fremu italifunika, usikilize drili. Ikiingia polepole kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, ukuta ni mzito. Ikizama ghafla baada ya sentimita 3 au 4, kuna uwazi. Unga ukitoka laini kama majivu na drili inaingia bila kusukumwa, jiwe ni laini au umetoboa kwenye kiungo cha mota. Sogea sentimita 10 ujaribu tena.

Kabla ya yote, angalia swichi na soketi. Nyaya hupita ndani ya plasta, mara nyingi wima juu au chini ya swichi. Usitoboe kwenye mstari huo. Ukuta uliopakana na bafu au jiko una mabomba, tafuta mwingine. Siku ya kutoboa karibu na nyaya, zima umeme kwenye meni swichi na utumie drili ya betri.

Nimepanga, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nifanyeje?

Jenga umbo la hema. Kata shiti moja katikati upate vipande viwili vya sentimita 122 kwa 122, uviunge juu kwa bawaba tatu nzito, kisha utanue miguu ya chini hadi nafasi kati yake iwe karibu mita 1. Kimo kitakuwa kama mita 1.1, na kwa mtoto wa miaka 3 hicho ni kilima cha kutosha. Miguu ifungwe kwa mbao mbili ngumu pembeni, moja kila upande, kwa boliti. Kamba au mnyororo haitoshi: mtoto akiinua hema kidogo, miguu hukaribiana na lote huanguka. Ziba pande mbili zilizo wazi, maana ndani kuna ncha za boliti na watoto hupenda kujificha humo. Magodoro yawekwe pande zote mbili za kukwea.

Usiegemeze shiti nzima ya futi 8 ukutani bila kuifunga, hata kama ni nzito. Mtoto akivuta kishikio cha juu anaivuta shiti imwangukie.

Ninunue ubao gani?

Plaiwudi ya milimita 18. Ya milimita 12 hunepa na nati zinazoshika vishikio kwa nyuma huchomoka. Ubao wa MDF na chipubodi havifai: uzi wa nati ukivutwa, ubao humeguka kama biskuti. Bulokibodi nayo ina vipande vya mbao laini katikati na mapengo usiyoyaona. Ukitoboa matundu zaidi ya 60, mengine yataangukia kwenye pengo. Dukani itazame plaiwudi kwa upande wa ukingo. Matabaka yawe mengi, yasiwe na mashimo meusi, na shiti ikilazwa chini pembe zote nne ziguse sakafu.

Fremu ni mbao za saipresi za 3 kwa 2. Utahitaji kama futi 42. Nunua 50, kwa kuwa vipande vingine vitakuwa na fundo kubwa. Shida ya saipresi ya sokoni ni ubichi. Ukiijenga ikiwa na maji, hujikunja inapokauka, na shiti yako hufuata. Ipange ndani ya nyumba juu ya vijiti, hewa ipite, wiki mbili hadi tatu. Chagua iliyotiwa dawa ya mchwa, na msasa upitishwe kila mahali mkono unapofika.

Nguzo za fremu na matundu vipangwe vipi visigongane?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi hujenga fremu kwanza, kisha matundu yanapotobolewa, nusu yake huangukia juu ya nguzo na nati haiwezi kuingia. Panga vyote kwenye karatasi kabla ya msumeno kuguswa.

Mpango unaokubali ni huu. Pima kutoka ukingo wa kushoto: safu wima sita za matundu kwenye sentimita 11, 31, 51, 71, 91 na 111. Kutoka chini kwenda juu: mistari kumi na mmoja, wa kwanza sentimita 22, kisha kila sentimita 20 hadi 222. Jumla ni matundu 66. Nguzo nne za wima zikae na katikati yake kwenye sentimita 2.5, 41, 81 na 119.5. Mbao za kulala ziwe ya chini kabisa, ya juu kabisa, na vipande vitatu vya kuzuia kunepa kwenye sentimita 132 kutoka chini, siyo 122, kwa sababu kwenye 122 kuna mstari wa matundu.

Weka mbao za 3 kwa 2 zikisimama kwa upande mwembamba, ili nyuma ya shiti pabaki uwazi wa inchi 3. Boliti huchomoza kwa nyuma. Ikigonga ukuta wa mawe kabla ya kukaza, utadhani imekaza kumbe kishikio kinacheza.

Shiti ifungwe kwenye fremu kwa skurubu za mbao za inchi 2, moja kila sentimita 20 kwenye kila nguzo. Kataa misumari. Msumari hushikilia vizuri ukisukumwa kwa ubavu, lakini mtoto anayekwea huvuta shiti itoke nje, na huko ndiko msumari huteleza. Skurubu nyeusi za jipsamu nazo ni ngumu lakini hukatika kichwa bila kutoa dalili.

Nati za T ni nini, na kwa nini zinatoka?

Ni nati yenye shingo fupi na kisahani chenye meno. Huingia kwa nyuma ya plaiwudi, na boliti ya kishikio huingia kwa mbele. Kila boliti inavyokazwa, ndivyo meno yanavyozama zaidi. Ndiyo maana inaweza kubeba uzito ambao skurubu ya kawaida haiwezi, na unaweza kuhamisha vishikio miaka yote bila kuchosha ubao.

Kwa nati za M10, yaani za boliti ya kipenyo cha milimita 10, toboa tundu la milimita 12 na uhakikishe na kipande cha majaribio: shingo iingie kwa kugongwa kidogo, isidondoke wala isilazimishwe. Toboa kutoka mbele kwenda nyuma, ili plaiwudi ikipasuka ipasuke upande usioonekana. Drili ikiinama, nati inakaa upande na boliti hukataa kuingia. Zipige zote kabla shiti haijapanda ukutani. Baadaye nyuma hapafikiki. Kisha ingiza boliti moja kwenye kila tundu, moja baada ya nyingine, uhakikishe inazunguka hadi mwisho. Ndiyo, zote 66. Nati inayozunguka bure ikigunduliwa chini sakafuni ni kazi ya dakika moja. Ikigunduliwa baada ya shiti kupanda, ni kufungua kila kitu.

Kama unapata nati zenye matundu madogo ya skurubu badala ya meno, chukua hizo. Hazichomoki ukisukuma boliti kwa nguvu kutoka mbele.

Boliti za M10 na za 3/8 si ni sawa?

Si sawa, na kuzichanganya huharibu nati. Boliti ya 3/8, yaani ya inchi, ni nyembamba kidogo kuliko M10 na uzi wake una nafasi tofauti. Ukiiweka kwenye nati ya M10 itaanza kuingia, itakwama, ukilazimisha itakula uzi. Vishikio kutoka Marekani kwa kawaida huja na 3/8. Amua saizi moja kwa ukuta mzima. Kwetu M10 ndiyo rahisi kupata. Ufunguo wa aleni (wa pembe sita) wa boliti ya M10 yenye kichwa cha silinda ni wa milimita 8.

Fremu ifungwe ukutani kwa kitu gani?

Kwenye mawe magumu au zege, boliti za kutanuka za M10, tatu kwa kila nguzo: juu, katikati na chini, jumla 12. Fremu ina kina cha milimita 75 na plasta milimita 15 hadi 20, kwa hiyo boliti ya milimita 100 inashika plasta na karibu hakuna kingine. Ama ununue za milimita 150, ama, na sisi tunapendelea hii, uagize kwa mafundi wa Jua Kali kule Kamukunji vipande vya chuma vya pembe, unene wa milimita 4. Upande mmoja unafungwa ubavuni mwa nguzo ya mbao, mwingine ukutani kwa boliti fupi ya milimita 75. Hapo unaona kila kitu unachokaza.

Weka tundu katikati ya jiwe, mbali na ukingo na mota. Boliti ya kutanuka husukuma jiwe kwa ndani, na jiwe laini hupasuka ukingoni. Kwa jiwe laini tumia gundi ya kutilia vyuma, baada ya kupuliza unga wote utoke ndani ya tundu; unga ukibaki, gundi inashika unga. Kwa matofali yenye uwazi, boliti ya kutanuka haina cha kushika. Hapo refusha fremu ifike sakafu na dari ya zege, uifunge huko juu na chini.

Ukimaliza, mtu mzima aning'inie kwenye kishikio cha juu na kujitikisa. Sikiliza. Fremu isilie na isisogee hata kidogo.

Mtoto akwee hadi kimo gani?

Kwa miaka 3 hadi 4, kishikio cha mkono cha juu kabisa kiwe mita 1.6 kutoka uso wa godoro. Miguu itabaki kwa kawaida chini ya mita 1. Kuanzia miaka 6 unaweza kufika mita 2. Matundu ya juu yapo tayari, yanasubiri. Pima kila mara kutoka juu ya godoro, si kutoka sakafuni.

Ukuta uwe wima. Unaoinamia mbele ni mzigo kwa mikono midogo. Unaoegemea nyuma unaonekana salama, lakini anayeteleza hukwaruza magoti na kidevu hadi chini.

Godoro la kawaida linatosha kuangukia?

Linatosha kwa kimo hicho likiwa la haidensiti, inchi 8, na likiwa na tabaka gumu juu. Sababu ni hii: godoro laini peke yake humeza mguu, na kifundo hupinda. Weka juu yake mikeka ya mpira ya kuunganisha ya sentimita 2, inayouzwa kwa vyumba vya watoto. Tabaka gumu husambaza pigo, laini lililo chini hulipunguza.

Nunua mawili ya futi 4 kwa 6, uyalaze kwa urefu sambamba na ukuta, moja mbele ya lingine. Unapata mita 1.83 kwa upana na mita 2.44 kutoka ukutani. Ukiyalaza kinyume chake, kiungo kati ya magodoro kitakuwa katikati kabisa ya ukuta, pale mtoto anapotua kila mara, na mguu utaingia humo. Mshonea makava akutengenezee kava moja la turubai la kuyafunika yote pamoja. Sakafu za taili huteleza, kwa hiyo chini yake weka mkeka wa kuzuia utelezi.

Kupima: piga goti moja juu ya godoro kwa uzito wako wote. Ukihisi taili, halifai.

Ubao usianzie sakafuni. Godoro la inchi 8 lina sentimita 20, na mstari wa kwanza wa matundu utazikwa. Inua fremu sentimita 15 hadi 20 kama dari inaruhusu. Ondoa kitanda, meza, kona za kabati na televisheni katika eneo lote la godoro. Na usijenge karibu na dirisha au mlango wa roshani. Mtoto akishazoea kukwea, hachagui.

Vishikio vingapi?

Kati ya 20 na 25 kwa shiti moja. Viwe vikubwa, vyenye mdomo wa kuingiza vidole hadi kiungo cha pili. Vile vidogo vinavyopendeza dukani ni vya watu wazima, na mtoto wa miaka 4 hukata tamaa navyo siku ya kwanza. Kutoka hatua hadi hatua pawe sentimita 25 hadi 30. Weka vingi chini, kwa miguu, kuliko juu. Kosa la kawaida ni kuvipanga wima kama ngazi: mtoto hupanda, hushuka, na baada ya wiki mbili amechoka. Vipange pia kwa kwenda kando, kutoka ukingo hadi ukingo, kimo cha goti. Hapo ndipo hucheza muda mrefu zaidi, na akianguka hana mbali.

Naweza kuvichonga mwenyewe?

Unaweza, na hapo ndipo utaokoa pesa nyingi. Mafundi wa samani wa Gikomba na barabara ya Ngong hubaki na vipande vya mahogani na mvule. Kata vipande vya sentimita 12 kwa 8, unene sentimita 4 hadi 5, nyuzi za mti ziende kwa urefu wa sentimita 12. Toboa tundu la milimita 11 katikati. Kwa upande wa mbele litanue hadi milimita 22, ili kichwa cha boliti na washa vizame. Chini ya washa pabaki mbao ya milimita 25. Hapo boliti ya M10 yenye urefu wa milimita 50 inatosha. Kingo zote zizungushwe kwa msasa hadi zisionekane kona. Kipande chenye ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Saipresi usitumie kwa vishikio: hupasuka na kutoa vibanzi.

Kishikio kikizunguka licha ya kukazwa, ongeza skurubu moja ndogo pembeni mwa boliti.

Na mawe halisi ya mtoni yaliyobandikwa kwa gundi?

Hapana. Gundi hushika uso wa plaiwudi tu, na tabaka la juu hubanduka pamoja na jiwe, mkononi mwa mtoto.

Rangi gani, na ipakwe lini?

Mpangilio ni: toboa, piga msasa, praima koti moja, rangi koti mbili, kisha ndipo upige nati. Ukipaka baada ya nati, rangi huingia kwenye uzi. Tumia rangi ya maji isiyo na risasi, soma kopo. Lita 1 inatosha koti zote mbili. Malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa. Usichanganye mchanga kwenye rangi kama kuta za watu wazima. Magoti ya mtoto huchubuka. Acha siku tatu, madirisha yakiwa wazi, kabla mtoto hajalala chumba hicho. Mwezi wa Julai Nairobi ni baridi na rangi hukauka polepole, ongeza siku.

Tuchore nini?

Chochote anachokipenda: shingo ya twiga, matatu yenye michoro, mbuyu. Lakini tuna pendekezo moja tunalolipenda kwa dhati, Mlima Kenya, kwa sababu mchoro wake unafanya kazi pamoja na ukuta. Chini paka msitu wa kijani kizito, juu yake mianzi, halafu nyasi zenye lobelia kubwa, kisha mwamba wa kijivu na barafu. Chora vilele vitatu kwa vimo vyake: Lenana mita 4,985, Nelion mita 5,188, Batian mita 5,199.

Lenana hufikiwa na watembeaji bila kukwea kwa kamba. Nelion na Batian zinahitaji kamba na ujuzi. Basi kishikio cha juu cha mwaka wa kwanza kiwe kwenye Lenana, pale mita 1.6. Akikua, kihamishie Nelion, kisha Batian. Mtoto anajua kwa nini hajafika juu bado, na hakuna haja ya kubishana naye. Watu wa kwanza wanaojulikana kufika Batian walikuwa Halford Mackinder na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel, mwaka 1899. Nelion ilingoja hadi 1929, Eric Shipton na Wyn Harris walipoipanda. Hizo ni hadithi nzuri za kabla ya kulala.

Vibandiko vya karatasi hubanduka kwa jasho la mikono ndani ya wiki chache. Chora kwa brashi, au kata umbo kwenye karatasi ngumu na upake kwa sponji. Mapambo yote yawe bapa. Kitu chochote kinachochomoza kitashikwa.

Tunaweza kuning'iniza kamba au bendera?

Kamba yoyote ndefu inayoweza kuzunguka shingo isiwepo. Vilevile mtoto avue mkufu, skafu, jaketi yenye kamba na hata helmeti ya baiskeli, kwa sababu helmeti hukwama mahali ambapo mwili umeshapita. Kagua pia nafasi kati ya ubao na dari, na pembeni: mwanya wa sentimita 9 hadi 23 unaweza kunasa kichwa. Uzibe.

Nimzuieje asikwee usiku tukiwa tumelala?

Simamisha godoro moja kwa upande wake mrefu dhidi ya ukuta, ulifunge kwa mikanda miwili iliyoshikizwa kwenye fremu, ncha zikiwa juu asipofikia. Linafunika futi 4 za chini. Njia nyingine ni kufungua vishikio vya mistari mitatu ya chini. Ufunguo wa aleni usikae chumbani.

Mtoto afundishwe nini kabla ya kuanza?

Kuanguka, kabla ya kupanda. Akiwa amesimama juu ya godoro, aruke mahali pamoja, atue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, kisha ajibingirishe kwa mgongo huku mikono imekumbatia kifua. Mkono unaonyooshwa nyuma kujikinga ndio unaovunjika. Rudia mpaka afanye bila kuambiwa. Halafu kushuka: watoto wengi hujua kupanda tu, na wakifika juu hulia. Mmoja tu kwa wakati ukutani, na hakuna anayekaa godoroni mwingine akiwa juu. Mtu mzima awepo chumbani.

Ukaguzi ufanywe mara ngapi?

Kila mwezi zungusha kila kishikio kwa mkono; kinachocheza kikazwe. Usikaze kwa nguvu zako zote, maana kishikio cha resini hupasuka. Baada ya mvua za masika na za vuli kagua pia boliti za ukutani, kwa sababu mbao huvimba na kunywea. Vumbi la unga chini ya fremu ni dalili ya wadudu wa mbao.

Pesa nyingi huenda wapi?

Magodoro na vishikio. Plaiwudi, mbao na nati ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukibanwa, chonga vishikio, punguza kimo, ahirisha michoro. Usipunguze godoro wala boliti za ukutani.

Tukihama?

Fungua vishikio, kisha shiti, kisha fremu, na uandike namba nyuma ya kila kipande kwa kalamu nzito. Chomoa boliti au uzikate usawa na ukuta, jaza matundu kwa mota, piga msasa, upake ukuta mzima na si madoa tu. Rangi mpya juu ya ya zamani huonekana hata kama kopo ni lilelile. Hifadhi nati zikiwa ndani ya shiti. Kwenye nyumba mpya anza tena na drili ya milimita 6.